Winta imeniangusha: niuze skii zangu?

SWALI: Kocha, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu ni Kapsabet, sasa naishi Brooklyn Park, Minnesota, na nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka juzi mwenzangu wa kazini alinipeleka bustani ya Elm Creek kujaribu skii za masafa, zile za kuteleza njia ndefu kwa fimbo, nikaupenda mchezo huu kuliko mchezo wowote tangu niache shule. Nikanunua vifaa, nikajiandikisha kwenye mbio za skii za Kortelopet za Februari 2024, nikaanza kungoja. Theluji haikuja. Nilizunguka kwenye ule mzunguko wa theluji ya mashine, nikawa naanguka kwenye barafu kila mara, na mbio zenyewe zilipohamishiwa kwenye mzunguko kama huo sikwenda. Sasa skii ziko gereji na mume wangu anasema tuziuze. Kiangazi huwa nakimbia kidogo na kulima managu na sukuma kwenye bustani ya jumuiya. Nifanye nini mpaka Desemba? Je, winta ndio zimekwisha hivyo? Na kijana wangu wa miaka tisa naye anataka kuanza.

JIBU: Dada yangu, usiuze. Na usione haya kwamba msimu huu umekuuma. Mtu anayetoka zamu ya usiku, akanywa chai, akabeba skii badala ya kulala, ameweka kitu chake pale njiani. Kikimpotea ana haki ya kusikitika, hata kama majirani wanafurahia kutozoa theluji kwa koleo.

Ila tuuweke msimu mahali pake. Winta uliyoanzia, ya 2022–23, haikuwa ya kawaida hata kidogo. Uwanja wa ndege wa Minneapolis–St. Paul ulipima inchi 90.3 za theluji, karibu mita 2.3, wakati wastani wa msimu ni inchi 51 hivi. Ulikuwa msimu wa tatu kwa wingi wa theluji tangu vipimo vianze. Anayekutana na skii mwaka kama ule atadhani ndivyo mambo yalivyo siku zote: unatoka nyumbani, njia imeshatengenezwa, mifereji ya kupitishia skii imenyooka, na unateleza hadi Machi. Halafu ukapokewa na 2023–24, ambayo kuanzia Desemba hadi Februari ndiyo winta yenye joto kuliko zote katika kumbukumbu za Minneapolis na St. Paul. Iliipita hata ile ya 1877–78 iliyokuwa ikishikilia rekodi. Kwa hiyo umeonja mwaka wa juu kabisa na wa chini kabisa kwa kufuatana. Winta ya katikati, ambayo ndiyo wengi wetu tumeizoea, wewe hujaiona bado.

Na haukuwa peke yako. Krismasi mvua ilinyesha. Mwishoni mwa Desemba wavuvi zaidi ya mia moja walilazimika kuokolewa Upper Red Lake baada ya pande la barafu walilosimama juu yake kukatika. Mbio za mbwa wa kuvuta sleji za John Beargrease, kule Duluth, zilifutwa kwa kukosa theluji. Kaskazini kote, ambako siku zote tunakimbilia mambo yakiharibika huku mjini, nako kulikuwa kukavu. Na kilichotuuma zaidi ni kwamba theluji ya maana ilikuja katika wiki ya mwisho ya Machi, wakati wengi tumeshavunjika moyo na kuhifadhi vifaa.

Sababu moja unaijua kwa jina. Ni El Niño, ile ile iliyochangia mafuriko ya Garissa na Tana River mwishoni mwa 2023, ikishirikiana kule kwetu na joto la Bahari ya Hindi. Pasifiki ya kati inapopata joto, mkondo wa upepo wa juu hubadili njia, hewa kali ya Aktiki hubaki Kanada, na Minnesota hupata hewa laini ya kutoka Pasifiki. Mwaka mmoja wa El Niño hauwezi kukuambia winta zimekwisha. Lakini ipo sababu ya pili, na hiyo haiondoki El Niño ikiondoka: Minnesota inapata joto, na winta ndiyo inayopata joto haraka kuliko majira mengine, hasa usiku. Usiku ndipo mashine za theluji hufanya kazi na ndipo njia hugandishwa kwa ajili ya asubuhi, kwa hiyo kupanda kwa joto la usiku kunatuumiza sisi kuliko karibu mtu mwingine yeyote. Jibu langu basi ni hili: winta za theluji zitakuja, nyingine nzuri sana, ila hazitakuja kwa mpangilio wa kutegemea. Usiutundike mwaka wako wote kwenye tarehe moja ya Februari.

Hata mbio ulizozitamani zina historia hiyo. American Birkebeiner, ambayo Kortelopet ni mdogo wake, ilianza 1973 kule Wisconsin kaskazini. Ilifutwa mwaka 2000, ikafutwa tena 2017, na mwaka 2024 ikakimbiwa kwenye mzunguko wa kilomita 10 wa theluji ya mashine badala ya njia yake ndefu ya msituni. Wapo walioukataa mzunguko huo kama wewe, nami sikulaumu. Lakini walioshiriki walipata walichokifuata, yaani siku nzima na watu wao, kengele za mashabiki, supu mwishoni. Mwakani ukijiandikisha, jiandikishe ukiwa umeshakubali moyoni kwamba huenda ikawa mizunguko.

Nataka uitazame upya theluji ya mashine, kwa sababu ndiyo iliyokuangusha na ndiyo utakayoitegemea. Mashine hurusha matone madogo ya maji hewani, yakaganda kabla ya kutua. Zinahitaji baridi ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri Selsiasi, na hewa ikiwa kavu ni afadhali zaidi. Chembe zake si yale maua yenye ncha sita unayoyaona kwenye mkono wa koti. Ni vijiduara vigumu vinavyoshikana sana. Ndiyo maana hudumu wakati theluji ya kawaida imeshayeyuka, na ndiyo maana zikiyeyuka mchana na kuganda usiku hugeuka kioo. Asubuhi unayokwenda wewe baada ya zamu ndiyo saa mbaya kuliko zote kwenye njia ya namna hiyo. Ungekwenda saa tano au saa sita mchana, jua likiwa limeilegeza kidogo, ungeanguka mara chache zaidi. Lala kwanza, kisha uende. Ukifika, tumia robo saa ya mwanzo kwenye kamteremko kafupi ukijifunza kufunga breki tu: visigino nje, ncha za skii zikikaribiana, magoti yamelegea, uzito sawa miguu yote miwili. Rudia mpaka mwili uache kuogopa. Woga ndio unaokufanya usimame wima na kuegemea nyuma, na ukiegemea nyuma skii hukimbia zikakuacha.

Kwenye theluji hiyo hiyo, Februari 17 na 18, 2024, ndipo Kombe la Dunia la skii za masafa lilipokimbiwa hapa Theodore Wirth Park, Minneapolis, baada ya lile lililopangwa Machi 2020 kufutwa kwa sababu ya korona. Kwa wiki kadhaa njia ilikuwa utepe mweupe kwenye nyasi za kahawia, theluji halisi ikaanguka siku chache tu kabla ya mashindano. Gus Schumacher wa Alaska akashinda kilomita 10, ushindi wa kwanza wa mwanamume wa Marekani kwenye mbio za masafa za Kombe la Dunia tangu Bill Koch mwaka 1983. Jessie Diggins, binti wa Afton hapa hapa Minnesota, akamaliza msimu akiwa bingwa wa jumla kwa mara ya pili. Maelfu ya watu walisimama kandokando wakipiga kelele. Kama hukwenda, dada, hilo ndilo ningelisikitikia kuliko Kortelopet.

Sasa tuje kwenye kiangazi, na tuanzie gereji, maana skii zilizoachwa na uchafu wa Machi huharibika zenyewe taratibu. Chukua ya kwanza, ilaze kichwa chini juu ya meza. Kama ulipaka klista, ile nta ya utando inayonata kama ulimbo, ikwangue kwa kipande cha plastiki, halafu futa kwa dawa ya kuondolea nta na karatasi mpaka karatasi itoke safi. Madirisha yawe wazi. Kisha yeyusha nta laini ya bei ya kawaida kwa pasi, ienee sehemu nzima ya kutelezea. Pasi isisimame mahali pamoja, na isiwe na moto wa kutoa moshi. Nta ikishapoa, usiikwangue. Iache hivyo hivyo mpaka Novemba, ndiyo blanketi la plastiki ile ya chini isikauke na kubadilika rangi. Kama zako ni zile zenye kipande cha ngozi katikati, hapo usipake nta wala pasi isipite. Funga jozi kwa kamba bila kuzibana kifua kwa kifua, mgongo wa skii unahitaji kubaki na upinde wake. Ziweke mbali na jua na mbali na tanuri la gereji. Kazi hii ni ya saa moja, na kijana wako anaweza kushika ncha.

Ukimaliza hapo, pumzika. Mei yote usifanye kitu chenye jina la mazoezi. Kimbia ukijisikia, lima, lala. Watu wanaofanya kazi ya usiku huwa na deni la usingizi wanalolibeba mwaka mzima, na hakuna ratiba ya mazoezi inayoweza kusimama juu ya deni hilo.

Juni ukianza, swali langu kwako ni moja: ulipenda nini hasa? Wengine hupenda kasi, wengine kimya cha msitu, wengine kundi la watu wanaokutana Jumamosi. Barua yako inasema uliipenda siku ile ya kwanza Elm Creek na mwenzako wa kazini. Nadhani basi unachokikosa ni ule mtelezo wenyewe, na pia mtu wa kuteleza naye. Tafuta shughuli za kiangazi zinazorudisha hivyo viwili, maana zoezi lisilokupa unachokipenda utaliacha Julai.

Mtelezo unarudi kwa skii za magurudumu. Utaziona barabarani hapa mjini kuanzia masika: fremu fupi yenye gurudumu mbele na nyuma, kiatu kile kile cha winta, fimbo zile zile ila ncha zimebadilishwa ziweze kuuma lami. Vifaa hivi si vya bei rahisi, kwa hiyo ulizia vilivyotumika kwenye klabu. Nakushauri zile za mtindo wa klasiki, yaani wa skii kwenda sambamba, zenye magurudumu ya kasi ya kati. Lakini elewa jambo moja kabla hujatia mguu: hazina breki, nyingi zake, na lami haina huruma ya theluji. Helmeti, glavu, na pedi za magoti na viwiko kwa wiki za mwanzo. Anza kwenye uwanja wa maegesho wa kanisa siku isiyo ya ibada, mahali tambarare kabisa, bila fimbo. Sukuma kwa mguu mmoja, simama juu ya mwingine, hesabu moja, mbili, tatu, badilisha. Zoezi hilo la kusimama juu ya mguu mmoja unaokwenda ndilo roho ya mchezo wote. Ukishalipata pande zote mbili bila kuyumba, ndipo uende kwenye njia za lami za bustani, ukiuliza kwanza kama zinaruhusiwa hapo, ukaepuka kila mteremko usioujua mwisho wake.

Kukimbia unakokufanya ni mtaji, tena mtaji wa kwetu. Ila wakimbiaji huwa tunadhani mapafu yatamaliza kazi. Kumbuka Philip Boit wa Eldoret, mkimbiaji wa mita 800 aliyepelekwa Finland kujifunza skii mwaka 1996. Miaka miwili baadaye alikuwa Olimpiki ya Nagano, Mkenya wa kwanza kwenye michezo ya winta, akamaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, wa 92. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alimngoja pale mwisho wa mbio amkumbatie, na Boit baadaye akampa mwanawe jina hilo, Dæhlie. Pumzi alikuwa nayo bila shaka. Kilichomtofautisha na wale wa mbele ni miaka ya kuteleza ambayo wao waliipata utotoni, na nguvu za mgongo na mikono ambazo mbio za uwanjani hazijengi. Alirudi Olimpiki 2002 na 2006. Huyo ndiye ningependa umsimulie mwanao.

Kwa hiyo mbio zako zibadilishe kidogo. Mara moja kwa wiki beba fimbo uende kwenye kilima chenye nyasi. Panda kwa hatua ndefu, ukisukuma kwa fimbo kila hatua, mwili umeinama kidogo mbele kuanzia kwenye kifundo cha mguu na si kiunoni. Shuka ukitembea. Siku nyingine kimbia polepole, kiasi cha kuweza kusimulia habari nzima bila kukatizwa na pumzi. Wanariadha wakubwa wa mchezo huu hufanya mazoezi saa 700 hadi 900 kwa mwaka, na sehemu kubwa kabisa ya saa hizo ni mwendo huo wa kuongea. Sisi wenye kazi na watoto huenda tukakosea kinyume chake: tunapata muda mfupi, basi tunaukamua, tunarudi nyumbani hoi. Ukitoka zamu, nusu saa ya mwendo mwepesi inatosha.

Kwa mgongo na mabega, ningekupeleka majini. Minnesota ina maziwa zaidi ya elfu kumi na mtumbwi wa kukodi si ghali. Kupiga kasia kwa saa moja kunafanyisha kazi misuli ile ile unayoitumia kusukuma fimbo mbili kwa pamoja, tena familia nzima inaingia. Mkipata siku tatu za likizo, nendeni Boundary Waters, kule mpakani na Kanada, ambako mtumbwi hubebwa mabegani kutoka ziwa hadi ziwa. Nendeni Agosti mwishoni: mbu wa Juni kule ni adhabu, na Agosti bluberi huwa bado zipo vichakani.

Na bustani yako? Wala usiigeuze mazoezi. Umeandika managu na sukuma kama mtu anayeomba radhi kwa kupoteza muda. Mtu anahitaji kitu kimoja kwenye mwaka wake ambacho hakipimwi kwa saa wala kwa moyo unavyopiga. Kinachokua ardhini kinahitaji joto lile lile linalotunyima theluji, na ni vyema kuwa na sehemu moja ya maisha yako inayolikaribisha.

Oktoba ndio mwezi ninaoupenda kuliko yote katika msimu wa kungoja, na karibu kila mgeni huupita bila kuujua. Klabu huita watu wa kujitolea kusafisha njia: kukata matawi yaliyoanguka, kufyeka vichaka, kuzibua mifereji ya maji, kuokota mawe. Nenda na panga la kwenu kama unalo, wazee wa hapa watalistaajabia. Utazijua kona zote kabla hazijafunikwa, na utajua kwa nini njia yenye nyasi iliyofyekwa chini huweza kutelezeka kwa theluji ya inchi chache wakati yenye mawe inangoja inchi nyingi. Na hapo ndipo utakapompata mtu wa kuteleza naye. Watu waliobeba gogo pamoja hupigiana simu theluji ikianguka.

Kwa ratiba ya winta ijayo, fanya hivi. Weka lengo moja la mapema ambalo halitegemei mawingu, kwa mfano kumaliza mizunguko kadhaa ya Elm Creek au bustani ya Hyland bila kusimama kabla ya Mwaka Mpya. Lengo la pili liwe Kortelopet, kwa masharti niliyotaja. Na la tatu liache wazi bila tarehe: siku mbili za ruhusa kazini ulizozihifadhi, utumie popote kaskazini theluji itakapoanguka kwanza. Ungekuwa nazo Machi ile, usingekuwa unaniandikia kwa huzuni hii.

Kuhusu kijana: miaka tisa ni umri mzuri sana. Mlete kwenye klabu ya watoto, uandikishaji huwa msimu wa majani kupukutika na nafasi hujaa. Usimnunulie vifaa vipya. Klabu na maduka ya michezo hukodisha kwa msimu mzima, na mguu wa miaka tisa hautavaa kiatu hicho hicho winta mbili. Siku za mwanzo mwache bila fimbo, acheze, aanguke. Kikubwa ni nguo: suruali isiyoloweka, soksi moja nzuri badala ya mbili zinazobana, na glavu za akiba mfukoni mwako, kwa sababu za kwanza ataziloweka ndani ya dakika ishirini.